Fangasi wa miguuni: kwa nini huwasumbua wakulima wa mpunga, na dalili zake

Msimu wa mpunga unapofika katika bonde la Kilombero, kuanzia Mang'ula na Ifakara hadi Mngeta na Mlimba, wakulima wengi hushinda miguu ikiwa majini au ndani ya mabuti. Ndipo vidole huanza kuwasha. Wapo wanaodhani ni maji ya jaruba yanayounguza ngozi, lakini mara nyingi ni fangasi.

Husababishwa na nini?

Fangasi ni vimelea wasioonekana kwa macho, na hustawi penye joto na unyevunyevu. Maji hayazai fangasi, ila hulainisha ngozi na kuwafungulia mlango. Buti lenye jasho hufanya vivyo hivyo. Ugonjwa huambukizwa kwa kuchangia mabuti, kandambili, soksi au taulo, na kwa kukanyaga peku kwenye bafu la pamoja.

Dalili zake

• Muwasho katikati ya vidole, hasa kidole cha mwisho na kinachokifuata.
• Ngozi kuwa nyeupe na laini, kisha kubanduka.
• Nyufa zinazouma na harufu mbaya.
• Wengine huota malengelenge, au nyayo hukauka na kutoa magamba.
• Ukichelewa, kucha hubadilika rangi na kuwa nene.

Ufanye nini?

Ukitoka shambani, osha miguu kwa maji safi na sabuni, kisha kausha vizuri katikati ya vidole. Anika mabuti juani. Dawa ya kupaka ya klotrimazo hupatikana katika maduka ya dawa. Endelea kuitumia kama ulivyoelekezwa hata muwasho ukiisha. Ukiacha mapema, fangasi hurudi. Usimwagie unga wa vidonge vya "rangi mbili", kwani dawa hiyo hupambana na bakteria, si fangasi. Maji ya betri huunguza ngozi.

Usidharau nyufa hizo. Bakteria hupitia humo, na mguu wenye matende huweza kuvimba zaidi na kuleta homa.

Wahi zahanati au kituo cha afya iwapo mguu umevimba, una usaha au una homa, au kama una kisukari. Ukiwa na baka au unyayo usiohisi mguso, pimwa ukoma. Tiba yake ni bure nchini.