Bangi haioteshi ubongo: habari ya panya wa Saskatoon

Kila baada ya muda ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ndugu aliyeko Toronto, ambako bangi ni halali tangu Oktoba 2018, anawatumia wenzake wa Kirumba na Igoma habari kwamba eti sayansi imethibitisha bangi huotesha seli mpya za ubongo. Utafiti upo kweli. Ulifanyika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon, ukachapishwa mwaka 2005. Panya wakubwa waliochomwa sindano mfululizo waliongeza seli mpya za neva katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Ila walichochomwa ni HU-210, kemikali ya maabara yenye nguvu kuipita mara nyingi THC, yaani kilevi cha bangi. Haimo kwenye msokoto wowote utokao Tarime.

Ukweli wenyewe unavutia kuliko uvumi. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga THC mwaka 1964, lakini ilichukua hadi 1988 kujulikana kwamba ubongo una vipokezi vyake, na 1992 ikagunduliwa anandamaidi, ambayo mwili huitengeneza wenyewe kuvigusa vipokezi hivyo. Panya waliozaliwa bila kipokezi kimojawapo, CB1, wameonekana kuwa na seli mpya chache, kwa hiyo mfumo huu wa vipokezi unashiriki kuzalisha neva. Hapa ndipo watu wanaporuka hatua. Anandamaidi hutengenezwa mahali inapohitajika, hufanya kazi kwa muda mfupi, kisha vimeng'enya huivunja. Mkulima wa mpunga kule Magu hufungua tuta la jaruba kwa jembe, na maji yakitosha huliziba. THC ni tuta lililobomoka. Tena hukaa kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku vipokezi vyenyewe hupungua.

Mtu makini atauliza: mbona HU-210 nayo ilifurika, na seli zikaongezeka? Swali zuri, na ndilo linalonifanya nisiseme kwamba bangi huua seli hizo moja kwa moja. Lakini majaribio yaliyotumia THC yenyewe hayajatoa ongezeko la namna hiyo kwa uhakika. Matokeo hubadilika kwa kemikali, dozi na umri wa mnyama. Juu ya hayo, mwaka 2018 timu mbili zilichunguza hipokampasi za watu waliofariki: ya Sorrells haikuona neva changa kwa watu wazima, ya Boldrini ikaziona hadi uzeeni. Ikiwa hata hilo linabishaniwa, kumwahidi mvuvi wa dagaa ubongo mpya ni kumdanganya. Wengine hutaja dawa ya kifafa iliyoidhinishwa Marekani mwaka huohuo. Ile ni kanabidioli iliyosafishwa na kupimwa, wala hailewishi.

Umri ndio unaonitia shaka zaidi. Mtoto akiwa tumboni, ishara za mfumo huuhuu wa vipokezi huongoza nyuzi za neva zinapotafuta pa kujiunga. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba THC huvuruga protini inayosaidia nyuzi hizo kukua, na uunganishaji ukaenda kombo. Ujenzi huo hauishii kwenye kuzaliwa. Ubongo huendelea kujipanga hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari wa Nyamagana na mama mjamzito wa Ukerewe wako mbali kabisa na panya mkubwa wa Saskatoon, na utafiti wa 2005 haukuwagusa.