SABUNI NA NGOZI YA MWANADAMU

Akina mama wengi humwosha mtoto uso kwa mche ule ule wa sabuni ya kufulia nguo, kisha hushangaa waonapo ngozi yake imekauka na kuwasha. Yafaa tujue sababu yake.

Maji peke yake hayaondoi mafuta, kwa maana maji na mafuta hayapatani. Sabuni ndiyo mpatanishi. Kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Mikia hujichomeka katika uchafu wenye mafuta, vichwa hubaki nje majini. Chembe nyingi zikiuzunguka uchafu huwa kama kitufe kidogo sana, nayo maji hukichukua.

Lakini ngozi nayo ina mafuta yake, ambayo ni kama udongo ulioshikamanisha matofali ya ukuta: huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Sabuni kali haichagui, bali huondoa uchafu pamoja na mafuta hayo. Tena sabuni ya mafuta na soda kali ina kipimo cha pH cha 9 au 10, hali ngozi yenye afya ina kipimo cha karibu 5. Tofauti hiyo huidhoofisha ngozi.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta visafishaji vya upole. Mwaka 1957 kipande kiitwacho Dove kilianza kuuzwa Marekani, ambacho hakikuwa sabuni tupu. Siku hizi hutumika pia kokamidopropili betaini, itokanayo na mafuta ya nazi. Ikichanganywa na kisafishaji kikali, chembe hushikana katika vitufe vikubwa zaidi, na chache tu hubaki huru kupenya ngozini. Basi povu jingi si dalili ya usafi.

Hii si kusema sabuni ya kawaida itupwe. Kwa kunawa mikono kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, ingali kinga kubwa ya maradhi. Ila kwa uso, kwa mtoto mchanga na kwa mwenye ukurutu, chagua iliyo ya upole. Tumia maji ya vuguvugu, suuza vema, kisha paka mafuta ngozi ingali na unyevu. Ngozi ikizidi kuwasha, nenda zahanati.