Kivumishi bonus cha Kilatini: Asili, Maumbo na Suala la Upatanisho

Vitabu vya sarufi huanza na bonus, '-ema', kana kwamba ndicho kivumishi chepesi kuliko vyote. Historia yake si nyepesi. Chombo cha udongo kilichopatikana mjini Roma, kwenye kilima cha Quirinal, mwaka 1880, kina maandishi ambayo aghalabu hukadiriwa kuwa ya karne ya 6 KK, na humo neno hili lina umbo la duenos. Maandishi ya kaburi la Lucius Cornelius Scipio, konsuli wa mwaka 259 KK, yana duonoro pale ambapo Kilatini cha baadaye kina bonorum. Du- ya mwanzo iligeuka b-, kama duellum ilivyozaa bellum, 'vita'. Nayo e ya shina ikawa o. Badiliko hilo la pili halikukigusa kielezi bene, ambacho silabi yake ya mwisho ina irabu ya mbele. Ndiyo sababu bonus na bene, ingawa ni ndugu wa tumbo moja, hutofautiana irabu. Melior na optimus, 'bora zaidi' na 'bora kabisa', zina mizizi mingine kabisa. Optimus huhusishwa na ops, 'uwezo, mali'.

Jinsia 3, idadi 2 na uhusika 6 hutoa nafasi 36, lakini tahajia hutofautisha maumbo 13 tu. Bona, kwa mfano, ni umoja wa jinsia ya kike na pia wingi wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike.

Lililo zito zaidi ni upatanisho. Wanafunzi wetu huelezwa kwamba kivumishi cha Kilatini 'huiga' mwisho wa nomino. Maelezo hayo hayatoshi. Nauta, 'baharia', huishia kwa -a, lakini husemwa nauta bonus, kamwe si nauta bona, kwa kuwa kinachotawala ni jinsia ya nomino, wala si mlio wake. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa: husema kijana mwema na kiongozi mwema, si chema. Kwa maoni yangu, mifano hii miwili ikiwekwa sambamba huwapa nguvu wanaoainisha ngeli kwa upatanisho wa kisarufi dhidi ya wanaotegemea umbo la nomino pekee.

Neno bonasi, tulilolipata kupitia Kiingereza, limepoteza mfumo huo wote. Mwisho -us umeganda ndani ya shina, na upatanisho umehamia mbele: bonasi yangu, bonasi zetu.