Kombi ya kooperative inakataa kuwaka: tafuta ugonjwa mbele ya kununua dawa

Siku ya soko, saa kumi na moja asubuhi. Magunia ya maharagi na vitunga vya nyanya viko tayari ndani ya Kombi, wamama wamekwisha kulipa nafasi zao, na gari linakataa. Moteri inazunguka, lakini haishiki. Kwetu ilitokea vile. Fundi akasema ni batri, tukanunua batri. Hapana. Akasema ni bobine, tukanunua bobine. Hapana tena. Mwisho tukaona ugonjwa ulikuwa uchafu kwenye platine, kitu cha kupanguza na kipande cha karatasi ngumu. Feza tulizotoa zilikuwa za mbegu ya msimu B, na nyanya zilioza.

Maneno haya ni kwa gari za zamani za esansi zenye delko na platine, kama Kombi ya Volkswagen yenye moteri nyuma. Gari za mazutu hazina bujii za kutoa cheche. Zile ni jambo lingine.

Sikia kwanza namna demareri inazunguka. Kama inagonga tu «tak», ao inazunguka kwa uzito, shida iko kwa batri ao kwa vichwa vyake. Unga mweupe ao wa kijani pale juu unazuia umeme. Fungua, sugua, kaza tena. Na musisukume gari lenye batri iliyokufa kabisa: bobine inakula umeme wa ile ile batri, mutachoka bure.

Kama inazunguka muzuri, nusa. Mukisikia harufu kali ya esansi ao mukiona inadondoka, simameni, musijaribu cheche hata moja. Mipira ya esansi ya Kombi inapita karibu na moteri, inazeeka na kupasuka. Gari nyingi za namna hii zimeungua hivyo.

Kama hakuna kinachovuja, toa bujii moja. Ikiwa kavu kabisa kisha kuzungusha sana, esansi haifiki, tafuteni kwenye pompe na karbirateri. Ikiwa na maji maji ya esansi, esansi inafika lakini moto hakuna. Ipanguze, irudishe kwenye waya yake, ilaze chuma chake kigusane na chuma cha moteri, mbali na tundu ilimotoka. Gia iwe huru, breki ya mukono ivutwe, halafu mwenzako azungushe. Usishike waya na mukono mutupu: umeme wa pale unapita volti 10,000. Cheche ya buluu yenye kulia ni nzuri. Ya manjano na zaifu, ao kukosa kabisa, endelea.

Sasa chomoa waya ya katikati ya delko, ile inayotoka kwa bobine, shika mupira wake na koleo yenye mikono ya plastiki, uisogeze karibu na chuma. Kama hapa cheche ni nguvu lakini kwa bujii hakuna, ugonjwa uko kwa kifuniko cha delko, kidole chake ao waya za bujii. Wakati wa mvua mara nyingi ni unyevu tu: fungua kifuniko, kausha na kitambaa. Ukiona ndani mustari mweusi kama uzi wa buibui, umeme unapotelea pale, kibadilishe. Ukichomoa waya, chomoa moja moja na uweke alama; Kombi inawasha 1-4-3-2, na ukizichanganya utaongeza ugonjwa wa pili.

Kama hata katikati hakuna cheche, chukua ampuli ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Moja kwa chuma, ingine kwa bobine upande wa 15, kontakti ikiwa imewashwa. Haiwaki? Umeme haufiki: angalia waya na kontakti yenyewe. Inawaka? Hamisha kwa upande wa 1 na uzungushe moteri. Inapaswa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Ikibaki inawaka tu, platine hazigusani ao ni chafu. Ikikosa kuwaka kabisa, platine hazifunguki, ao kondansateri imekufa, ao bobine imekatika ndani.

Platine zisuguliwe kidogo na msasa laini, kisha zipanguzwe bila mafuta. Zikiwa wazi kabisa, nafasi yake kwa Kombi ni milimita 0.4. Zikiungua mbio mbio kisha kusafishwa, badilisha kondansateri kwanza. Bei yake ni kidogo kuliko ya bobine. Na dereva asiache kontakti wazi moteri ikiwa imezimika, kwani bobine inachemka na platine zinaungua. Kwetu ilikuwa desturi, juu ya kusikiliza redio.

Siku hizi tunabeba ndani ya gari kikopo kimoja: platine mupya, kondansateri, bujii mbili, ampuli ya kupimia na kitambaa kikavu. Kinakaa chini ya kiti cha dereva, na mwenye kuweka feza za kooperative anakihesabu kila mwezi.