Zulia kubwa la ukindu, kipato kidogo cha msukaji

Mikeka ya Rufiji haihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Pwani. Kilichobadilika ni vipimo na malighafi. Ukili ule ule wa ukindu na miyaa sasa unaagizwa kwa ajili ya zulia la ukumbi, pambo la ukutani, kivuli cha taa, hata kipochi. Wapo wanaouchanganya na vitenge, ngozi na ile mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 nayo ilivirudisha vikapu sokoni.

Mama mmoja wa Kibiti, anayekusanya mikeka hadi vijiji vya delta, haoni neema yoyote. Tatizo lake, anasema, ni sufuria. Ukindu huchanwa, huanikwa, kisha huchemshwa na rangi. Sufuria ya nyumbani inatosha mkeka wa kulalia. Zulia la hoteli linataka kuchemsha mara kadhaa, na nyekundu ya leo haifanani na ya jana. Ukili ukiwa umeviringishwa huoni kitu; ukishashonwa, tofauti inajitokeza kama kiraka, na mnunuzi anaukataa mzigo. Tena kila msukaji ana mkono wake: huyu hukaza, yule hulegeza, na zulia lililoshonwa kwa ukili wa watu wengi hujikunja pembeni. Hasara hiyo, kwa maelezo yake, hakuna wa kugawana naye.

Plastiki nayo ina yake. Haichemshwi wala haiozi kwa unyevu, lakini hukata vidole, na ikishonwa pamoja na ukindu mshono hulegea, kwa kuwa jani hunywea na plastiki hainywei.

Ofisa mmoja wa maendeleo ya jamii ana jibu moja kwa yote hayo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba, nne zikiwa za wanawake. Sheria inasema hivyo, kweli. Ila mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Alipoulizwa ni vikundi vingapi vya wasukaji vilivyokopa, aliitaja asilimia kwa mara ya pili. Asilimia haichemshi ukindu.

Mbele huenda kukawa na nafuu, hasa kwa vikapu na vipochi, ambavyo rangi ya sufuria moja inavitosha. Kwa kazi kubwa ni vigumu kutabiri. Mafuriko ya Aprili 2024 yalisomba mashamba Rufiji na Kibiti, na kaya iliyopoteza mpunga haiwezi kusubiri malipo ya zulia kwa miezi. Inauza ukili kwa pima kwa mchuuzi wa kwanza anayefika. Kwa sasa zulia kubwa linamlipa anayelishona mjini kuliko anayelisuka delta.