Je, Wajua? Miaka mirefu ni 97 katika kila miaka 400

Kuanzia 2000 hadi 2024 kuna miaka mirefu mingapi, ile yenye siku 366? Usihesabu mmoja mmoja. Gawanya 2024 kwa 4, upate 506. Kisha gawanya 1999, mwaka unaotangulia ule wa kwanza, upate 499 na baki uliache. Ukitoa, jibu ni 7. Wengi huteleza hapa: hugawanya 2000 yenyewe, wakapata 6, kumbe wameutupa mwaka 2000, ambao nao ni mrefu.

Lakini kugawanyika kwa 4 hakutoshi. Kalenda iliyotangazwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582 inataka mwaka unaofunga karne ugawanyike kwa 400, ndiyo maana 1900 haukuwa mrefu. Basi katika miaka 400 tuna vigawe 100 vya 4, tunaondoa 4 vya 100, tunarudisha 1 cha 400: jumla 97.

Na la kupendeza zaidi: miaka hiyo 400 ina siku 146,097, yaani wiki 20,871 kamili bila baki. Januari mosi 2000 ilikuwa Jumamosi. Ya 2400 itakuwa Jumamosi pia.