Kuhesabu Mizani si Kuchambua Shairi

Afisa wa forodha pale Malaba hatosheki kuhesabu magurudumu ya lori. Hutaka kujua limebeba nini. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu, hata wa Busia na Malaba waliozoea foleni hizo, hulipima shairi kwa magurudumu yake tu: mishororo minne, kwa hivyo ni tarbia, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho. Kisha huweka kalamu chini.

Hesabu hiyo ni ya lazima, nayo ina elimu yake. “Mtoto” ni mizani 3, kwani “m” husimama kama silabi kamili. “Mbuzi” ni 2, kwani “mb” haitengani.

Lakini umbo ni mlango wa maana. Kibwagizo kikirudiwa, tuulize nafsineni anasisitiza nini, na kwa nani. Mshororo wa mwisho ukifupishwa ghafla, tuulize ni nini kilichomkata kauli. Penye inkisari, tuulize kama mshairi ametafuta mizani tu au pia mkazo.

Walimu wenzangu, tukituza hesabu pekee, tutalea makarani wa silabi, wala si wasomaji wa mashairi.